Dirisha la Simu ya Upepo

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Vidonda kumi na viwili. Vikohozi saba. Jicho moja. Funza sikuhesabu. Dawa ya zambarau imebaki kichupa kimoja.

Saa nne kasoro robo benchi langu likabaki tupu. Wote wamehamia chumba cha pili. Hata yule niliyekuwa namfunga bendeji! Kanyanyuka na mguu nusu umefungwa, bendeji inaburuta nyuma, huyo anakwenda zake kusikiliza sanduku.

Sanduku ni simu ya upepo. Imeletwa hapa zahanati ya kambi ya mgodi tangu Agosti. Daktari yuko Mwanza, ng'ambo ya maji. Kila siku saa nne mpaka saa nne na robo anakaa kwenye simu yake, sisi huku tunamweleza mgonjwa, yeye anasema la kufanya. Jambo zuri. Sikatai.

Lakini anayeshika mashine ni Anselmi, karani kutoka Bukoba. Hajui jipu wala kidonda. Anajua kubonyeza kitufe na kusema "ova", yaani nimemaliza, zamu yako. Soksi mpaka magotini.

Watu wanamwita Daktari. Mimi miaka tisa ni dresa tu, mfunga vidonda.

Jumatano, 3 Novemba

Anselmi kaletewa jogoo. Huyo ni wa tatu. Mwekundu, mnene, miguu ya manjano. Kaletwa na Mama Shija, ambaye homa yake niliitibu mimi, kwa mikono hii. Daktari alisema kwenye sanduku, "Vizuri, endelea hivyo hivyo." Basi. Jogoo kwa ajili ya hilo!

Mke wangu kauliza jioni tunakula mboga gani. Nimemwambia aende Bukoba akaulize.

Tena nasikia Kalangalala kuna mtoto kazaliwa, kapewa jina la Anselmi. Watu wa huku mtoto wanamwita kwa jambo lililotokea au kwa mtu aliyewafaa. Miaka tisa nimefunga vitovu na kukanda vichwa vya homa. Hakuna aliyepewa jina langu, Zakaria, hata mmoja kati ya hapa na Runzewe.

Wivu? Ndiyo, wivu. Daftari hili halina mdomo.

Ijumaa, 5 Novemba

Leo Daktari kaniambia nipunguze dawa ya mtoto wa degedege. Kweli nilikuwa nazidisha. Mtoto kalala vizuri. Hili sitalisema kwa mtu.

Anselmi kaniomba nimfundishe Kisukuma. Anasema anaona aibu, wagonjwa wanaongea yeye hajui wanasema nini. Nimemjibu Kisukuma hakifundishwi, mtu anazaliwa nacho. Uongo mtupu. Lakini bila mimi sanduku lake ni bubu. Mgonjwa anasema Kisukuma, mimi nageuza Kiswahili, Anselmi anabonyeza. Hicho kidogo nilichobaki nacho nimpe na yeye?

Jumatatu, 8 Novemba

Mzee Maganga kaja na mkwewe Minza, mke wa mwanawe. Maili saba kwa miguu. Mume yuko Mwadui kwenye almasi. Minza ana mimba ya miezi minane. Mbili zilizotangulia ziliharibika. Nyumba nzima inaitazama hii.

Nimemwingiza kwangu, nikafunga mlango. Kaangalia chini. Halafu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kabisa: damu imetoka mara tatu. Bila maumivu. Hajamwambia mtu. Atamwambia nani? Mama mkwe kafariki, na kwa mkwe mwanamume mwanamke hataji mwili wake. Hata kupita mbele yake anainama.

Nilijua. Damu bila maumivu, miezi minane. Tulifundishwa kwamba hiyo haingoji.

Nikatoka nimweleze mzee kwamba huyu aende Mwanza leo. Sikufika mbali. Kanikatiza mbele ya benchi zima: "Hatukutembea maili saba kwa ajili ya dresa. Tunataka sauti." Watu wakacheka. Yule wa bendeji kacheka kuliko wote.

Haya. Nikasema haya, nendeni kwenye sauti.

Chumba cha simu kina dirisha moja. Ndugu wa mgonjwa hukaa chini yake ili wasikie. Mzee Maganga kakaa hapo hapo, fimbo magotini. Sanduku linapiga kelele, hata aliye barabarani anasikia. Daktari akauliza kwa Kiswahili chake: "Mama, damu inatoka?"

Nikamgeuzia. Minza kalitazama dirisha. Akanitazama mimi. "Yaya," akasema. Hapana.

Nami nikasema kwenye mashine: "Hapana."

Daktari akasema basi ni uchovu, apumzike, arudi baada ya wiki mbili. Mzee akafurahi. Wakaondoka kwa miguu.

Ningeweza kufunga dirisha. Wakishaondoka, ningeweza kumwandikia Anselmi mstari mmoja amsomee Daktari kabla hajazima. Nilitaka sanduku likosee. Mara moja tu, watu waone. Nimeandika. Ndivyo ilivyo.

Jumanne, 9 Novemba

Mvua. Wagonjwa wachache. Saa nne nilisimama nyuma ya Anselmi, maneno yapo mdomoni. Nikisema leo, wataniuliza jana ulikuwa wapi. Nikanyamaza. Anselmi akasema ova, akazima.

Jumatano, 10 Novemba

Hakuna habari kutoka kwa Maganga. Basi yu mzima. Angekuwa mgonjwa wangemleta.

Sili vizuri. Mke wangu anadhani ni mambo ya jogoo.

Alhamisi, 11 Novemba

Mwanamke wa maziwa kaja asubuhi. Salamu kwanza, "mwangaluka," "mhola," habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za mihogo. Mwisho kabisa, anageuka kuondoka: mkwe wa Maganga hainuki kitandani tangu juzi, na khanga zinafuliwa sana pale.

Khanga zinafuliwa. Ni damu hiyo.

Nikamwambia mke wangu naenda, nikachukua baiskeli. Matope mpaka kwenye mnyororo. Nusu ya njia niliibeba mimi. Nimefika saa nane mchana. Minza mweupe midomoni, mapigo yanakimbia. Mtoto bado anacheza, nimemsikia kwa mkono. Mto umejaa baada ya mimi kuvuka, wanaume wa machela hawavuki mpaka kesho. Naandika hapa, nimeegemea ukuta wa zizi la Maganga, kwenye karatasi ya bahasha. Nitaibandika baadaye.

Mzee kaniuliza: "Sauti ilisema amechoka tu. Imekuwaje?" Nikamwambia akate fito za machela.

Ijumaa, 12 Novemba

Tumeondoka kukipambazuka. Wanaume wanne, wanapokezana. Nilitazama saa yangu mpaka ikanichosha. Saa tatu tuko mtoni. Saa nne kasoro kumi bado maili moja. Saa nne na robo tunaliona bati la zahanati. Nikajua tumechelewa. Daktari hazidishi hata dakika. Akizima, ni mpaka kesho.

Saa nne na dakika ishirini naingia, nasikia sauti ya Anselmi. Anamsomea Daktari orodha ya dawa. Chupa moja moja. Polepole. "Iodini, vichupa viwili. Narudia, iodini, vichupa viwili." Daktari anang'aka kwamba orodha hiyo keshaisikia. Anselmi anaanza tena kutoka juu.

Mke wangu alikuwa amemwambia Anselmi nimekwenda wapi. Basi Anselmi alimshikilia Daktari hapo kwa iodini, aningoje.

Nikafunga mlango. Nikafunga dirisha. Nikakishika kile kitufe mwenyewe, mara ya kwanza. Nikasema yote. Damu, mapigo, mtoto yu hai.

"Imeanza lini?"

"Kabla ya Jumatatu. Aliniambia Jumatatu. Mimi sikusema. Ova."

Anselmi aliangalia viatu vyake. Halafu sauti ya Daktari ikaja, maneno mafupi: alale chini, miguu juu, usimpime ndani kwa vidole, usimpe kitu mdomoni. Lori la kambi limlete mpaka kwenye pantoni. Yeye mwenyewe anavuka na damu ya kumwongezea.

Nilipanda nyuma ya lori nikamshika Minza kichwa, nimemfunika turubai. Macho yake yalikuwa wazi njia nzima. Kwenye pantoni Daktari alikuwa amesimama mvuani. Hakunisalimu.

Jumamosi, 13 Novemba

Hakuna habari. Simu ina kelele za radi.

Anselmi kanipa chai. Sikuweza kumtazama usoni. Nimesema, "Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Mchana ni mwadila." Kaandika kwenye lebo ya chupa ya dawa.

Jumatatu, 15 Novemba

Daktari: wako hai, wote wawili. Wamempasua. Mtoto wa kiume, mdogo mno, amezungushiwa pamba apate joto. Benchi zima likapiga vigelegele chini ya dirisha. Wanalishangilia sanduku. Sijali. Nimeenda nyuma ya stoo nikalia.

Kabla ya kuzima Daktari akasema, "Dresa. Tangu leo, mwanamke akiingia, dirisha linafungwa kwanza." Basi. Sijui kama ataandika barua kwa wakubwa. Kila lori la posta likija natoka kutazama bahasha.

Jumatano, 17 Novemba

Fundi katia kitasa kwenye dirisha. Ndugu wa wagonjwa wamenuna, wanasema dresa anawanyima sauti. Waseme.

Jumatatu, 3 Januari 1955

Barua haijaja. Anselmi naye hajamwambia mtu. Angetaka angenimaliza kwa neno moja, na Kisukuma sasa anacho cha kutosha.

Leo Minza kaletwa kupimiwa mtoto. Mzee Maganga mbele, na jogoo mweupe. Nikasogea kando kumpisha aende kwa Anselmi. Akanifuata mimi. Kaniwekea jogoo mikononi mbele ya benchi zima, kavua kofia: "Sauti ilikosea. Dresa ndiye aliyekuja kwenye matope. Mtoto ni Zakaria. Nimeshasema." Vigelegele. Yule wa bendeji kanipa mkono.

Miaka tisa naitaka siku hii. Ningeomba ardhi inimeze.

Minza alikuwa nyuma ya mkwewe, ameinama, mtoto mgongoni. Nikamwingiza. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha. Nikamweka mtoto kwenye mizani. Paundi tisa. Mkono mmoja unashika hewa.

Akasema kwa sauti ile ile ya chini: "Nilikuambia wewe ili unisemee."

Nikasema ndiyo.

"Mimi jina hili nisingelitoa. Lakini mkwe akishataja, sina mdomo." Akamfunga mtoto mgongoni, akaitengeneza khanga, akangoja kadi.

Nimeandika tarehe. Nimeandika paundi tisa. Nimeandika Zakaria, herufi saba, kalamu ikakwama mara mbili. Akaichukua kwa mikono miwili, kwa adabu, akatoka ameinama.

Jogoo nimempelekea Anselmi. Hakuuliza wa nini.