Wifi Alipokuja Kula

Kasansa, Alhamisi, baada ya Pasaka, 1976

Leo mvua imekata. Jua limewaka tangu asubuhi, nguo zangu zinakauka uani na matope ya njiani yameanza kushika. Mgongo unaniuma, miguu inaniuma. Moyo umetulia kama wa mtu aliyeshiba, ila sijui kama ni shibe nzuri.

Kipindi cha Kwaresima nilimwambia Padre kwamba kuna mtu nashindwa kumsamehe. Akaniagiza kila siku nitafute kitu kidogo cha kumshukuru Mungu, na kwa kuwa najua kuandika, nikiandike. Tangu hapo naandika. Chumvi haikuloa. Kuku ametaga. Mtu ameniitikia salamu njiani. Lakini siku nyingine nimeandika ukweli wa moyo wangu: nashukuru ukuta wa jiko la wifi umeanguka. Nashukuru wifi ameumwa jino usiku kucha. Niliporudi kuungama nikamtajia na hayo, Padre alikohoa mpaka nikamwonea huruma.

Wifi mwenyewe ni Leokadia, dada wa mume wangu.

Mama mkwe alipokufa mwaka jana, nilikuwa mimi ninayempikia. Alikula ugali wangu jioni, alfajiri hakuamka. Tukiwa bado tumekaa chini msibani, Leokadia alisimama mbele ya watu wote akaninyooshea kidole. Akasema, "Mama ameuawa na mkono wa huyu." Basi. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenifukuza. Watu waliacha tu kula kwangu. Pombe yangu ikachacha mpaka nikaimwaga. Kwenye misiba ya wengine, nikishika mwiko wanawake wananiambia kwa upole, "Pumzika, Mama Kalisto." Watoto wangu walipoanza kusukumwa na wenzao, niliwapeleka kwa mama yangu, kule Usevya.

Mume wangu hakuniacha. Hakunitetea pia. Alisema anakwenda Kapalamsenga kutafuta samaki, na huko ndiko aliko mpaka leo. Dagaa ananitumia.

Kwa kuwa kijijini sikuwa na mtu wa kuongea naye, msimu huu nilihamia shambani kabisa. Mpunga wetu uko ng'ambo ya mto. Nilijenga kibanda kidogo chini ya dungu ninapokaa kufukuza ndege, nikahamisha sufuria, unga, chumvi na dagaa zangu. Wanawake wengine huvuka asubuhi na kurudi jioni kupika makwao. Mimi sikuwa na wa kumpikia.

Juzi Jumanne mvua kubwa ilinyesha huko milimani. Sisi huku tulisikia radi tu. Mchana mto ulikuja ghafla, mwekundu, umebeba magogo, na jioni ilipofika hakuna aliyeweza kuvuka. Tulibaki wanne ng'ambo hii. Mimi. Mama Felista, jirani yangu, ambaye zamani tulikuwa tukichangia mpaka sabuni. Mama Masanja, wa wale Wasukuma waliohamia hapa juzijuzi na ng'ombe wao. Na Leokadia.

Mvua ikatufuata usiku. Wao watatu walilala wamejibanza kwenye dungu la Leokadia, ambalo halina hata ukuta. Mimi nililala kwenye kibanda changu, kando ya moto. Sikuwaita.

Niliandika hivi asubuhi ya jana: nashukuru nyumba yangu haivuji.

Jana mto ulikuwa haujapungua. Wale wenzangu hawakuwa na chochote. Mpunga bado mbichi, na hata ungekuwa umekomaa hawakuwa na kinu, wala chungu, wala kiberiti kikavu. Nikawaona wanatafuna mabua ya mahindi machanga. Hapo nikafanya jambo ambalo Padre nitamweleza Jumapili. Nilihamisha mafiga yangu. Niliyatoa nyuma ya kibanda nikayapanga upande ambao upepo unaelekea dungu la wifi. Nikakaanga dagaa kwa vitunguu, taratibu, nikazigeuza na kuzigeuza.

Mama Masanja alikuja wa kwanza. Alisimama nje akiwa amelowa mpaka kichwani.

"Mama Kalisto, mimi nina njaa."

"Hujaambiwa habari zangu?"

"Nimeambiwa. Leta maji ninawe."

Alikula akiwa amechuchumaa, haraka, kisha akaomba aongezwe. Ni muda mrefu sijamwona mtu akilamba vidole kwa chakula changu. Nilijifanya nina moshi machoni.

Mama Felista alikuja baada ya kumwona mwenzake hajafa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alisimama akamwangalia Mama Masanja kwanza, akamwangalia tumboni kabisa, ndipo akanisalimia. Nikampa sahani bila neno. Tonge la kwanza alilishika muda mrefu. La pili akaanza kulia.

"Mama Kalisto, mwenzio mimi nilikuwa naogopa tu..."

"Kula kwanza," nikamwambia. "Utalia ukimaliza."

Leokadia alibaki kwenye dungu lake ametupa mgongo. Mchana wote. Mimi nikaosha vyombo, nikapalilia kidogo, nikarudi. Jua lilipoanza kushuka nikabandika sufuria tena. Nilikuwa na uhakika atakuja, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya harusi yangu.

Akaja. Anatembea kama mgonjwa, kanga imemganda mwilini.

"Hamjambo nyie."

"Hatujambo, wifi. Umefuata nini?"

"Njaa, wifi."

"Chakula hiki kinaua watu. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Aliwaangalia wale wawili. Mama Felista akainamisha kichwa, Mama Masanja akaendelea kuchokonoa meno.

"Wifi, nimelala njaa. Usinifanyie hivi."

"Sikufanyii kitu. Sema kwanza mama yenu alikufa na nini. Useme hapa, hawa wakisikia. Halafu utakula mpaka ushibe."

Akageuza uso kuelekea shambani. Ndege wakatua kwenye mpunga wangu, kundi zima, na sikusimama kuwafukuza. Waache wale. Nilikuwa tayari kupoteza shamba zima nisikie mdomo ule ukifunguka.

"Tumbo," alisema mwishowe.

"Sema vizuri."

"Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Alinishikisha kwa mkono wangu kabla wewe hujaanza kumpikia. Akanikataza nisimwambie kaka, asije akauza ng'ombe wake kwa ajili ya hospitali."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na msibani ukaninyooshea kidole."

Alikaa chini kwenye matope. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafanana na mama yake.

"Tangu umeolewa, mama alikuwa anakuita wewe. Akiumwa, anakuita wewe. Akitaka maji, wewe. Mimi aliyenizaa nimekaa pale pale namsikia. Nilitaka uondoke tu."

Mwaka mzima nimepanga maneno ya kumwambia siku hii ikifika. Nilikuwa nimepanga pia kwamba akishasema, nitaumwaga ugali matopeni aokote. Nilishika sufuria kabisa. Halafu nikasikia tena lile neno lake, kwamba mama alikuwa ananiita mimi. Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Mama mkwe alikuwa ananipenda, na mimi nilikuwa naona ananituma tu.

Wifi alinipa zawadi bila kutaka. Hilo nalo nalishukuru, na ninafurahi kwamba lilimuuma kulisema.

Sikuumwaga. Lakini sahani sikumpa. Nilimega tonge kwa mkono huu huu alioupa jina baya, nikalibonyeza, nikachota dagaa, nikamnyooshea. Akasita. Nikasubiri. Akafungua kinywa akala mkononi mwangu kama mtoto, machozi yanamtoka, na sikuona huruma. Nilimega jingine. Sikuacha mpaka sufuria ikabaki ukoko.

Asubuhi ya leo maji yalikuwa yamepungua kufika kiunoni, nami nikaamua kurudi nao kijijini. Tulivuka tumeshikana mikono, Mama Masanja mbele, Mama Felista, mimi, na Leokadia nyuma yangu. Katikati ya mto aliteleza. Uzito wake wote ukaning'inia mkononi mwangu, maji yanamvuta, naye ananitazama bila kupiga kelele.

Niliwaza kumwachia.

Ilikuwa rahisi. Vidole vilikuwa vimelowa, nani angenilaumu? Mama Masanja aligeuka akasema, "Vuta!" Nikavuta. Kama tungekuwa wawili tu mimi na yeye, sijui. Hapa siandiki ili nionekane mwema. Sijui.

Mchana habari ilikuwa imeshafika kisimani. Mama Felista hajawahi kukaa na neno, na kwa mara ya kwanza mdomo wake umenifaa. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi amepita hapa akaniuliza kama nina chumvi, wakati najua anayo. Mama mmoja ambaye hata jina lake sitaki kuliandika ameniita "dada." Mama Felista mwenyewe ameleta kuni, amekaa jikoni kwangu, amekula viazi nilivyochemsha mchana. Nimeziangalia kuni zile nikatamani kuzirudisha. Kisha nikaona ni kavu, nikazipokea.

Jua lilipoelekea kuzama nikasikia hodi. Leokadia. Amebadilisha nguo, amefunga kilemba cheusi cha msiba ambacho wenzake walishakivua zamani. Hakuingia uani. Alisimama kwenye kichochoro anaangalia huku na huku.

"Wifi, kaka akirudi, usimwambie. Wengine waache waseme. Yeye usimwambie wewe. Nimebaki na yeye tu."

Nilikuwa nasonga ugali. Nilimwangalia nikiwa nimeshika mwiko. Mume wangu akirudi nitamwambia, neno kwa neno, na nitamwuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Hilo nimeshaliamua. Lakini sikumjibu. Ilinipendeza kumwona hajui.

"Karibu ndani, wifi," nikasema. "Njoo ule kwanza."

"Nimeshakula."

"Umekula wapi? Kaa."

Nilikiweka kigoda uani, si jikoni, pale ambapo kila apitaye njiani anaona. Watu wanarudi kutoka kisimani saa hizo. Nikammiminia maji mikononi. Alikaa, akamega tonge dogo, akalimeza kwa shida. Wanawake wawili wakapita na ndoo zao, wakapunguza mwendo, wakasalimia. Niliwaitikia kwa sauti.

Nashukuru kwa jioni ya leo. Padre anisamehe, maana mimi bado.

Wifi alipomaliza akasogeza sahani pembeni, akafuta mikono, akataka kusimama.

Nikamwongeza mboga.