Pale Mjomba Alipokuwa Akikuita

Rhonda,
S.L.P. 2716,
Nakuru.
18 Agosti 2024

Mpendwa dada Naliaka,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kanada, na ule mgongo uliokusumbua tangu Pasaka uwe umepata nafuu. Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu, bado wanakataa ugali? Waambie mjomba wao wa Nakuru amesema ugali haujawahi kuua mtu.

Huku tunasukuma tu. Mvua imezidi, na matope ya Rhonda unayajua. Mama anakohoa sana lakini kanisani hakosi. Mimi mwili uko sawa, ni moyo tu umekataa kuinuka.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu wa kuku na simu zimejaa kila mahali. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni. Kuna jambo ambalo nikianza kukwambia kwa simu utalia, nami nikisikia ukilia nitalimeza. Shiru, yule msichana wa jirani anayesoma huko kwenu, amekubali kukuletea barua hii.

Mjomba Joash tulimzika vizuri, kama ulivyoona kwenye simu. Pale Sachangwan kulikuwa na baridi ile ya kuuma masikio, na malori yalikuwa yakinguruma barabarani hata mhubiri akawa anangoja yapite ndipo aendelee. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wengi walimjua kama mzee wa viatu vya mtumba hapa Rhonda. Niliposema alikuwa mpiga gitaa wa Loko Jazz, kijana mmoja aliniuliza kama hilo lilikuwa kanisa.

Ndiyo dunia hiyo. Mtu aliyezaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akafunzwa litungu, lile zeze la Kibukusu, na babu yetu, kisha akayahamishia yale yote kwenye gitaa mpaka wazee wakasema gitaa lake linaongea Kibukusu. Mtu aliyekuwa akingojwa kutoka Naivasha hadi Olenguruone. Alikuwa na maringo, hilo siwezi kumfichia hata akiwa kaburini. Nani mwingine angevaa viatu vyeupe kwenda kupiga muziki Molo wakati wa mvua? Lakini akishagusa nyuzi, hata wenye kumdai heshima walimsamehe.

Wimbo wako unajua aliutunga mwaka ulipozaliwa, wakati wa palizi uliokupa jina. Nakuandikia ulivyokuwa, nivumilie. Alianza na uzi mmoja, polepole, kama litungu. Kisha bendi yote inaingia. Halafu katikati wananyamaza wote, hata Mzee Kabiru, mgonga chupa ya soda wa bendi, na Mjomba anainamia maikrofoni anauliza, "Naliaka, uko?" Nawe umesimama juu ya kreti unaitika, "Niko!" Hapo magitaa yanarudi kwa pamoja na watu wanapagawa. Mimi siku moja niliitika kabla yako, nawe ukanifinya nikabaki na alama wiki nzima.

Kanda za wimbo ule ziliteketea na kibanda chake kwenye fujo za 2008. Nyingine hatukupata, na tulitafuta. Alisema atarekodi upya. Kisha sukari ikamshika, vidole vikafa ganzi, akawa anasema atarekodi vikipona. Havikupona. Gitaa lilikaa ukutani, naye akiketi chini yake akiligeuzia mgongo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya mazishi Anti Winrose alitaka mumewe ashushwe kaburini na wimbo wako. Jeff, yule dijei aliyekuja na hema na spika, akaniambia, "Hiyo tu? Relax, boss, nitaitoa kwa mtandao." Nami nikafurahi. Nilifikiri labda kuna mtu mahali alikuwa na kanda akaihifadhi.

Wimbo ukaanza. Magitaa mazuri, sauti nzuri, na Naliaka anatajwa humo ndani. Mzee Kabiru alikuwa amekuja na chupa yake kwenye mfuko wa koti, na msumari wa kuigongea. Akaitoa, akagonga mara mbili, akaacha. Akainama sikioni mwangu.

"Jerry, huyu si Joash."

"Sasa ni nani?"

"Sijui. Lakini anacheza vizuri."

Nikainuka nimwambie Jeff azime. Lakini Anti Winrose alikuwa ameshasimama, ameacha fimbo kwenye kiti, anacheza polepole kando ya jeneza, macho amefumba. Watu ambao hawakuwa wamelia tangu asubuhi wakaanza kulia. Ningemzimiaje? Nikarudi nikaketi. Tukamzika mjomba wetu na wimbo wa mtu mwingine.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Nilisema, Naliaka anatazama. Wimbo ukifika katikati atangoja aitwe, na hataitwa, naye atajua. Mimi na yeye tutakaa na simu tuukumbuke, yeye mstari huu, mimi ule, tuupate.

Jioni ujumbe wako ukaingia. "Asanteni kwa kunichezea wimbo wangu. Nimelia mpaka basi. Sijausahau hata kidogo."

Sikulaumu, dada. Uliondoka ukiwa mdogo, na miaka imekupitia juu. Lakini ule haukuwa wimbo wako, na nimeona afadhali ulijue kutoka kwangu. Niliusoma ujumbe huo nikasikia kama tumemzika tena.

Nilimwendea Mzee Kabiru. Akacheka kidogo, akasema yeye alikuwa wa kugonga tu, kuimba kulikuwa kwa Joash. Akanigongea chupa kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Nilirekodi. Ni mlio wa chupa tu.

Anti Winrose naye aliomba awekewe wimbo ule kwenye simu yake, na kila jioni anaucheza. Ananiambia, "Sikia vidole vya mzee." Nami naitikia kuwa nasikia. Kumwambia siwezi, mama wa watu amebaki na nini kingine? Lakini nimeusikia mara nyingi mno. Wiki hii nilikuwa nikifua nikajaribu kuuimba wa Mjomba, na uliotoka mdomoni ni huu wa dijei. Nikaacha maji, nikakaa, nikajaribu tena. Ni huu huu.

Kwa hivyo sikuombi uniimbie, maana sidhani unao. Nimebaki na ule mwito peke yake. Kilichokuja kabla yake sikijui tena, na kilichofuata sikijui. Nauliza mwenyewe pale karaini, "Naliaka, uko?" halafu nanyamaza kama walivyonyamaza, na hakuna gitaa linalorudi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana, Anti Winrose pia, na Mzee Kabiru anauliza kama bado unafinya watu. Mungu Were akulinde huko ulipo, akulaze salama na akuamshe salama. Ukipiga simu kwa Anti, tafadhali msifie wimbo.

Nduguyo anayekupenda na kukukosa,
Jerry