Maksai Mmoja na Wale Saba

Mugango

Mume mwenzangu Magesa,

Hatujambo. Goti la bibi yako limepona, ulimi bado. Umeniuliza kwa nini sodiamu inakimbilia klorini na kuiacha neoni. Umeandika mwenyewe: kushoto kwenye jedwali elektroni ya nje ni moja, kulia saba, mwisho kabisa nane.

Nilikuwaga na maksai mmoja tu, na mvua inaniishia. Nikamfuata tajiri mwenye wanane, tulime pamoja, maana jembe huvutwa na jozi.

“Huyo wako nimfunge wapi, mkiani?”

Nikaenda kwa jirani mwenye saba, jozi yake ya nne ilipungukiwa na mmoja.

“Mlete upesi, mwanangu!”

Tukalima kwake, kisha kwangu. Anayekuvuta ni anayepungukiwa. Aliyetimia hana haja nawe.

Jirani huyo ndiye baba wa bibi yako. Usimwambie kwamba nilianzia kwa tajiri.

Babu yako