Wamenibadilisha kama Gaju

Papa wangu mupenzi,

Nakusalimia wewe na mama, hapo mutaani Mapendo. Kile kikohozi cha mama kilimuacha? Na magoti yako, ungali unayapaka siagi? Yangu yananiuma kuliko yako, na wewe ndiwe muzee! Lakini ninakula, ninasali, niko muzima.

Uliniuliza sababu gani ekipe yetu ya basiketi inashindwa kila juma, na shefu wetu, mwenye kuongoza ekipe, anatembea akicheka. Kumbe huku Amerika wana desturi yao. Kila mwaka ekipe zinachagua vijana wanaotoka masomoni, na ile iliyoshindwa sana ndiyo inatangulia kuchagua. Nikasema, ala, si hii ni gushumbusha! Kwetu Masisi mutu akifiwa na ng'ombe, majirani wanamupa mutamba ili aanze tena. Tofauti ni moja: kwetu hakuna anayeua ng'ombe zake makusudi ili apewe. Huyu shefu wetu anaua: anataka tushindwe ili atangulie kuchagua.

Mimi sikuelewa mapema, Papa. Aliposema mbele yetu, "Tunajenga upya," mimi mwenye miaka mingi kuliko wote katika ekipe nikajiona nguzo ya nyumba. Si kwetu wazee ndio wanaachiwa kazi ya kulea? Nikaalika vijana kwangu, nikawapikia bugali, nikawaonyesha namna ya kumuzuia mutu aliyekupita urefu. Mujinga mimi!

Siku ya kwanza ya juma shefu akaniita bironi, ofisini mwake.

"Bahati, umetusaidia sana. Unaenda ekipe ingine."

"Na wao wanaleta nani?"

"Bado hatumujui. Wametupa nafasi yao ya kuchagua mwaka ujao."

Yo, Papa! Miaka sita ya jasho, nimebadilishwa na mutoto ambaye hana hata jina! Akanipa mukono, akarudi kwa simu yake.

Nikamukumbuka Gaju, ile ng'ombe yetu nyekundu iliyozeeka. Ulimupa mutu wa Mugunga, naye akakuahidi ndama aliyekuwa bado tumboni mwa ng'ombe wake. Nililia, nikakataa maziwa, nikakuita mutu bila huruma. Ulinijibu tu kwamba zizi linataka ndama. Lakini Papa, wewe ulimusindikiza Gaju mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwa yule mutu. Ulirudi macho mekundu, ukasema ni vumbi ya barabara. Leo nimekuwa mutu muzima na najua haikuwa vumbi. Unisamehe. Mimi hapa, hakuna aliyenisindikiza hata mpaka mulangoni.

Kesho kutwa napanda ndege. Ninaogopa, sikufichi. Huko wakiona haya magoti na kunikataa, hakuna ekipe ingine itakayoniita, nitarudi nyumbani mikono mitupu. Mama asijue hilo kwanza.

Umusalimie dada yangu mukubwa na maharagi yake ya sokoni, umuambie viatu vya mume wake nimevipata, namba ya miguu yake ilinisumbua kweli. Umusalimie shangazi wa Rutshuru, na pasta wetu anayeniombea.

Papa, kuna jambo moja sijawahi kukuuliza, kwa sababu ya hasira ya utoto. Gaju, huko Mugunga, walimupokea vizuri? Alizaa tena? Uniambie kweli, hata kama ni mbaya.

Mimi mutoto wako anayekupenda,
Bahati