Binti Aliyerudi Ngomeni

Guangzhou, 12 Novemba 1998

Kwako Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma pamoja na wadogo zangu, na kikohozi cha kitinda mimba wetu Jules kiwe kimepungua. Sisi huku tunapumua, ila tumechoka. Miguu yangu imevimba kwa kupanda na kushuka ngazi za maduka ya Zhanqian, na Papa akikaa tu anasinzia, kikokotoo mkononi. Barua nampa Bwana Rodrick, yule mfanyabiashara wa Moshi, anayeondoka kesho na atapita Kigoma. Sisi tutafuata wiki moja baadaye.

Mama, miwani ya Papa ilikanyagwa kwenye treni, na hajapata nyingine inayomfaa. Tangu hapo mimi ndiye macho yake. Namsomea ankara, vibandiko vya nguo, hata Injili. Unajua ninavyoona haya, nasoma karatasi ikiwa imenifunika uso.

Wiki iliyopita Bi. Liang, mwenye duka tunakonunua mashati, alileta makasha ya mvinyo wa Ufaransa, akitumaini Waafrika watanunua kwa ajili ya Krismasi. Ndani yake mna karatasi ya Kifaransa yenye historia ya ngome iliyochorwa kwenye chupa. Akaniomba niwasomee wateja kwa Kiswahili. Bwana Rodrick alionja, akakunja uso, akasema kama mabwana wa ngome walikunywa hiki basi amewaonea wivu bure, maana mbege, pombe ya ndizi ya mama yake, haijawahi kumtendea hivi. Watu wakacheka. Papa hakucheka, aliniambia niendelee.

Nikasoma kwamba ngome ilijengwa miaka mia saba iliyopita na bwana mmoja aliyewaogopa majirani zake. Iliteketezwa mara mbili, ikajengwa tena. Mara ya tatu walikuja askari, wakafunga farasi ndani ya kanisa dogo na kuchoma milango kupikia, na wenye nyumba wakakimbia na nguo za mwilini. Hapo Papa akanishika mkono, akauliza taratibu kama walirudi.

Nikasoma kwamba walirudi. Binti yao alirudi akiwa mtu mzima, na vipandikizi vya mizabibu amevifunga kwenye kitambaa, akavipanda palepale uani penye majivu. Papa akaomba nirudie. Nikarudia.

Siku ileile alimwambia Bi. Liang hataki tena ile nafasi ya kuuza naye dukani, nafasi aliyoibembeleza tangu Septemba. Akaenda bandarini Huangpu kwa wakala wa meli, akaongeza kwenye kontena milango sita, vitasa na vioo vya madirisha, vyote vya nyumba yetu tuliyoikimbia Kalemie. Anasema askari wanaolala sebuleni kwetu watatuona tukirudi, kama watu wa ngome walivyorudi. Amemtuma Bwana Rodrick akuambie ufunge mizigo, kwamba tukifika tu tunavuka ziwa sote kurudi nyumbani, na Jules pia.

Sasa naandika lililonichosha kuliko ngazi zote za huku. Hakuna binti, Mama. Karatasi inasema familia ile haikurudi tena. Magofu yalinunuliwa na mfanyabiashara wa mji mwingine, asiyewajua, na yeye ndiye aliyepanda mizabibu. Alama ya ukoo wao imebaki juu ya lango, wageni wanaipiga picha. Papa alikuwa bado amenishika mkono, nikashindwa kumsomea sentensi ile. Niliangalia Kifaransa, nikatunga Kiswahili changu.

Jana nilijaribu kumwambia. Nilipotaja ngome tu, akaniomba nimsomee tena sehemu ya binti. Nikasoma. Akalala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo hajafanya tangu tukimbie nyumbani.

Karatasi yenyewe nimeiweka humu. Wewe unakijua Kifaransa kuliko mimi; tazama mistari ya mwisho. Tafadhali usifunge mizigo. Papa akikuuliza sababu, usimsomee wewe. Niite. Nitamsomea mimi mwenyewe mpaka mwisho, na karatasi nitaishusha anione uso.

Wape wadogo zangu salamu, umbusu Jules kwa niaba yangu, na uniombee kila unaposali.

Mwanao,
Élise