Viatu Vyekundu vya Mama na Mshipa Usio Mshipa

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani karibu na dirisha,
Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na nne.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale pacha wasiojua kukaa kitako. Vipi kifua chako na hiyo baridi? Wifi ameniambia kwamba unakohoa halafu unajifanya hukohoi. Nimecheka, maana tabia hiyo najua umeirithi kwa nani, na ndiyo hasa iliyonikalisha mezani leo. Mimi sijambo. Kazi kule kiwanda cha uchapaji inaendelea na vidole vyangu vina wino kama kawaida, kwa hiyo ukiona madoa kwenye karatasi usidhani nimelia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kaka, simu ya nyumba hii haina siri. Ukipiga tu Mama anaweka spika, na jirani wa mlango wa pili anaitikia salamu zako kabla yetu. Na jambo hili Mama amenikataza nisikuambie kwa simu. Kuhusu barua hakusema kitu. Mwenzako wa kazini anamaliza likizo yake na atakupa hii mkononi. Tafadhali isome kabla hujaenda dukani.

Nimesikia unataka kumtumia Mama jozi nyingine ya vile viatu vyekundu vya kukimbilia. Nakuomba usinunue. Usinune pia, nipe nafasi nikueleze.

Mama uliyemwacha wewe ni yule wa kwenye kiti. Baba alipotutoka, na Mama akawa ameshastaafu kule kufulia hospitalini, alikaa kwenye kile kiti cha mbao akitazama ukuta hadi nikaanza kuuchukia ukuta wenyewe. Kilichomtoa hapo ni Mama Sabuni, yule mwenzake wa miaka yote kwenye mashine za kufulia. Alibisha hodi asubuhi moja, amevaa raba na kanga kiunoni, akasema, "Twende." Mama akauliza wapi. "Tukirudi nitakuambia." Wakaenda, na tangu siku hiyo hawajaacha kwenda.

Sasa Mama anakimbia. Sikutanii. Wako wanawake kadhaa, wote wa kufulia, wastaafu na wasio wastaafu, na watu wamewapa jina Kikosi cha Mashuka. Wanazunguka ukuta wa hospitali, wanapita uwanja wa mpira, wanarudi. Mama hana kasi, lakini mgongo ameunyoosha vilevile alivyokuwa akisukuma mkokoteni wa mashuka kwenye ile korido ndefu, na watu wanampisha bila kuombwa. Anaimba tena jikoni. Juzi alimgombeza fundi bomba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Nilifurahi sana, ingawa sidhani kama fundi alifurahi.

Ndipo vikaja viatu vyako. Ungemwona! Alivitembeza mtaa mzima kabla hata ya kuvikimbilia. Kila aliyekutana naye aliambiwa ni mwanangu huyo, mwanangu anaujua mguu wangu hata akiwa mbali. Vyepesi, vyembamba, vyekundu kama pilipili. Mimi mwenyewe nilivionea wivu.

Baada ya muda nikaanza kumwona asubuhi anatoka chumbani akishika ukuta. Nyuma ya mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino, palikuwa pamekaza. Akishatembeatembea panalegea, na chai ikiwa mezani yeye ni mzima wa afya. Kesho yake hadithi ni ileile. Nikamwambia avipumzishe vile vyekundu. Akajibu viatu havina neno. Alijikaza kisabuni, na nani ajikaze hivyo kama si yeye aliyeishi na sabuni maisha yake yote? Nikimbana sana anasema, "Kaka yako asisikie." Mama yetu yuko tayari kufa na tai shingoni, tena tai yenyewe umemnunulia wewe.

Sasa hapa ucheke kidogo, maana mimi nilicheka hadi nikajificha jikoni. Mama alimwambia jirani kwamba ana mshipa. Alimaanisha huo wa kisigino. Jirani akaelewa ule mshipa mwingine, ngiri, ule wa wanaume. Akamshika mkono, akasema pole kwa sauti ya msibani. Jioni mume wake akaja na chupa ya dawa ya mizizi, akakaa ukingoni mwa kochi, akanong'ona, "Mama, hata mimi nilikuwa nao. Nikapasuliwa. Sasa niko sawa kabisa, usiogope." Mama, kwa moyo mweupe, akamuuliza, "Wako ulikuwa mguu gani?" Kaka, yule baba wa watu aliangalia sakafu kana kwamba majibu yameandikwa pale. Chupa ipo bado, imekaa kwenye kabati na hakuna anayeigusa.

Lakini neno hilohilo ndilo lililokuwa likimponza. Kwa kuwa aliamini ni mshipa, aliona damu imeziba, basi kila jioni alikaa akiukanda kwa mafuta ya moto, anaukandamiza kwa dole gumba kama anatoa doa kwenye kola. Kadiri alivyoukanda ndivyo ulivyovimba. Siku aliyokosa mbio za asubuhi na kukalia tena kile kiti, roho ilinipaa. Nikamwambia ama tunaenda hospitali ama naandika barua. Akachagua hospitali. Kama unavyoona, nimetimiza yote mawili.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisimama alipomwona. Kumbe alipokuwa mwanafunzi hapo hospitalini, Mama alikuwa akimrudisha getini kwa koti lenye mikunjo. "Mama Pasi," akamwambia kwa jina walilompa wanafunzi, "leo wewe ndiye umekuja na mkunjo." Alimbonyeza taratibu, akamtembeza, akamsimamisha kwa vidole. Kisha akasema, "Huu si mshipa, Mama. Hili ni kano, ile kamba inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Halijakatika, limechoka na limekasirika. Ukiendelea kuligombeza hivi litakulaza miezi. Ukilisikiliza sasa, utakimbia."

Akaomba kuona viatu. Mama akavitoa kwenye mfuko kwa heshima zote, mimi nikaangalia dirishani. Kaka, sikiliza vizuri: hakusema ni vibaya. Alisema ni viatu vizuri sana vya mtu wa mashindano. Tatizo ni kwamba chini viko bapa, kisigino kinakaa chini sawa na vidole, na kila hatua ile kamba inavutwa hadi mwisho. Mwenye kano zima hasikii kitu. Mwenye kano lililokasirika anataka kisigino kiinuliwe kidogo, na nyuma pawe laini pasipombana. Wewe ulinunua ulichowaona washindi wamevaa. Mimi ningefanya hivyohivyo. Mama aliuliza swali moja tu, kama angeweza kuvizoea kwa kuvumilia. Yule bwana akatikisa kichwa. Mama akavirudisha kwenye mfuko, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili.

Tulienda dukani jioni, kwa sababu tuliambiwa miguu huwa imevimba kidogo saa hizo na kiatu kinachokaa vizuri jioni hakitakusaliti asubuhi. Muuzaji alikuwa binti mchangamfu. Mama akakaa, akachukua kiatu cha kwanza, akaingiza mkono ndani na kupitisha dole gumba kwenye mishono yote, vilevile alivyokuwa akikagua foronya. Alipofika nyuma, penye mshono mnene unaogusa kano, akakirudisha. "Hiki kitaniuma." Cha pili kilikuwa na soli laini kama godoro. Alisimama nacho, akayumba, akasema hakupanga kukimbia kitandani. Binti alicheka, lakini nikamwona ameanza kumtazama kwa makini na kuacha kumsifia rangi.

Cha tatu, Kaka, kina sura mbaya. Rangi yake ni ile ya maji ya kufulia yaliyotumika mara ya pili. Lakini kisigino kimeinuka, nyuma pana pedi laini iliyojikunja kwa nje, na mbele vidole vina nafasi ya kupumua. Mama alifunga kamba, akaruka papo hapo mara kadhaa, akasema mbio hazipimwi kwenye kapeti. Kufumba na kufumbua ametoka mlangoni na viatu ambavyo havijalipiwa.

Mlinzi wa duka akatoka nduki nyuma yake. Binti akapiga kelele kwamba ni mteja, mlinzi hakusikia. Mimi nilibaki nimeshika mkoba wa Mama na ndala zake kama dhamana. Walizunguka jengo zima. Wa kwanza kurudi alikuwa Mama, mgongo wima, anapumua kwa mpangilio, anamwambia binti, "Havinivuti. Nifungie." Mlinzi alikuja baadaye na mabuti yake, ameshika kiuno, na Mama akampa kiti akae. Kisha akamshauri aje asubuhi kwenye Kikosi cha Mashuka. Tangu nizaliwe sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yule mama siku ile.

Sasa anaendelea vizuri. Mtaalamu alimwonya kwamba kiatu peke yake hakiponyi, kwa hiyo kakatazwa vilima kwa muda, mafuta ya moto yamepigwa marufuku, na kila siku lazima ainuke kwa vidole na kushuka polepole. Anafanya hivyo akipiga pasi. Akinyoosha kola anapanda, akifika kwenye mkono wa shati anashuka. Asubuhi bado panakaza kidogo, ila ukuta haushiki tena. Na kiti kile amekihamishia uani, anakikalia akisubiri kuanua nguo.

Unajiuliza viatu vyako viko wapi. Nilidhani ameviweka juu ya kabati na ndio basi. Jumapili iliyopita, kabla hujapiga simu, nikamkuta kitandani anavifuta soli kwa kitambaa chenye maji. Akavivaa, akafunga kamba vizuri, akaja kukaa mezani na kuegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mliongea muda wote ule akiwa amevivaa. Ulipokata akavivua, akavirudisha kwenye boksi. Nikamwambia, Mama, mbona simu inaonyesha uso tu, haoni miguu? Akanijibu, "Naongea na mwanangu. Nitavaa nini tena?"

Ndiyo maana nasema usinunue vingine. Hivi bado havijachakaa na havitachakaa, maana vinakwenda kutoka kitandani hadi mezani tu. Jumapili ukipiga, usimwambie kwamba unajua. Mwombe tu ainamishe simu kidogo, umwone amekaaje.

Nisalimie wifi, mwambie ule mwiko wa mbao alionipa bado unanihudumia. Wabusu pacha. Mama Sabuni anakusalimu, na jirani wa mlango wa pili pia, ambaye bado anamwonea Mama huruma na hatuna moyo wa kumsahihisha. Mungu akulinde kifua hicho na akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yako mizima.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba, nikupendaye hata ukichelewa kujibu.

N.B. Mama amepita hapa sasa hivi akitoka kukimbia, ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia wewe. Amesimama kidogo, akasema nikuandikie kwamba viatu vimemkaa sawasawa. Hakusema viatu vipi, nami sikumuuliza.