Mpasheni Uliokatwa Ungali Kijani

Jumapili, 1 Juni 2025

Baridi ya Nkoaranga leo si mchezo. Kanisani nimeimba sauti ya pili, sijakosea hata mahali pamoja. Mtu akiniangalia atasema huyu dada ana Mungu! Kumbe tangu mimba itoke mwezi wa pili sijaomba hata neno. Nafunga macho, nafungua. Basi.

Mzee Ephraimu wa jumuiya kanikamata mlangoni. Jumatano tunasali kwenu, na neno utatoa wewe — Yohana kumi na tano, mzabibu na matawi. Nikasema sawa. Domo langu hili!

Jumatatu, 2 Juni

Sadoki kasafisha uzio. Mume wangu akishika panga hakuna kinachopona. Mpasheni wangu, ule uliopanda kwenye mparachichi — kakata shina chini kabisa, eti alidhani ni gugu! Nimefoka mpaka kuku wakakimbia. Yeye anacheka, mbona uko kijani tu?

Kweli. Huko juu majani yanang'aa, na ua moja limefunguka leo leo. Haujajua kama umekatwa.

Nikasimama pale. Nikajiona mimi na kwaya yangu. Nikalia. Sadoki akadhani nalilia pasheni, akaniahidi mche mpya. Maskini, simlaumu.

Jumatano, 4 Juni

Sebule ilijaa hadi barazani. Nimesoma. Pale pa tawi lisilozaa kuondolewa, nimepapita mbio. Nilitaka kuwaambia habari ya mpasheni — kwamba mtu anaweza kuwa kijani na ameshakatika siku nyingi. Nikaogopa. Nikasema tu tukae ndani ya Yesu, nikaketi.

Mama Penina, mama mkwe wangu, ndiye aliyefunga kwa maombi. Ananipenda, najua. Hospitali ni yeye aliyelala na mimi. Sasa akaomba kwa sauti: Bwana, mkumbuke mwanetu, tawi hili lisilozaa, usimwondoe. Mbele ya jumuiya nzima! Na watu wakaitika amina. Amina!

Nimeingia jikoni kuwamiminia chai. Sikutoka tena. Mama kaondoka sijamuaga.

Alhamisi, 5 Juni

Mpasheni umenyauka. Sadoki anasema Mama hakuwa na nia mbaya. Najua! Ndiyo maana inauma zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Siamini. Mama yuko sebuleni kwangu sasa hivi.

Kapanda njia yote ya migombani na manyunyu haya, na goti lake lile bovu. Nimefungua mlango — mkononi ana jani la isale! Kwetu isale hubebwa na aliyekosa, akienda kuomba msamaha, na haikataliwi. Lakini mama mkwe kumletea mke wa mwanawe? Sijawahi kuona. Nilipigwa na butwaa, hata kumwamkia nikasahau.

Akaninyooshea jani kwa mikono miwili. Akasema aliuona uso wangu nilipokuwa naingia jikoni, na usingizi hajaupata vizuri tangu hapo. Akasema yule mtoto alikuwa wake pia. Alishamchagulia jina.

Mtoto! Wengine wote wanasema "ile shida". Hakuna aliyewahi kumwita mtoto.

Nimelipokea jani. Tumekumbatiana, tumelia, mtandio wake umelowa. Kisha akasema tuombe, nianze mimi. Ikabidi niseme. Mama, mimi nimekatika. Sijaongea na Mungu tangu Februari, sijui hata pa kuanzia. Nilidhani atashtuka. Akanifuta machozi tu na ncha ya kitenge chake. Mikono yake ya baridi. Nampenda huyu mama, jamani.

Hapo ndipo nikakumbuka sijamwamkia. Nikasema shikamoo, kwa kuchelewa hivyo. Akaitikia marahaba mwanangu, kama siku zote. Wala hakuuliza nilikuwa wapi.

Nimekimbilia chumbani, eti natafuta leso. Naandika nimesimama. Isale nimeiweka hapa kitandani. Namsikia Mama anakohoa, anasogeza kiti karibu na changu. Ananiita. Nakuja, Mama.

Nitaanzaje? Haya.

Shikamoo, Baba. Ni mimi, Elifuraha